Sigara mbili tatu kwa siku, mimba ya wiki 10

Dada, umeuliza kama sigara mbili tatu kwa siku zinaweza kumpa mtoto kilema, na shoga yako kakwambia ukiacha ghafla mtoto "atashtuka" tumboni. Hilo la kushtuka si kweli. Acha leo.

Kuhusu kilema, ndiyo, hatari inaongezeka. Kinachojulikana zaidi ni mdomo sungura na kaakaa lililopasuka. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2014 ilisema wazi kwamba sigara za mwanzo wa mimba huchangia kuvisababisha. Mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7, wakati wengi wetu hata hatujajua tuna mimba. Nimewahi kumpakata mtoto wa namna hiyo: anahangaika na ziwa, maziwa yanamtokea puani, mama yake machozi tu. Lakini wavutaji wengi huzaa watoto wasio na kilema, kwa hiyo usijitese kwa yaliyopita.

Angalia yaliyobaki. Moshi huipunguzia damu oksijeni, na nikotini hubana mishipa inayompelekea mtoto chakula. Ndiyo maana wengine huzaliwa njiti, au chini ya kilo 2.5. Ukiacha sasa, uzito huo bado unaokoleka. Kama mumeo naye anavuta, avutie nje kabisa, si dirishani. Na kliniki mwambie mkunga ukweli wote, kabla hujatumia dawa yoyote ya kuachia sigara.