Mlingoti wa futi 63 chini ya daraja la futi 65

Msomaji mmoja amepata kazi ya ubaharia kwenye yoti ya matanga itakayoshuka kutoka Norfolk, Virginia, hadi Miami kwa njia ya maji ya ndani ya pwani ya Marekani. Ameuliza swali fupi: karatasi za chombo zinasema mlingoti ni futi 63, na madaraja yasiyofunguka ya njia hiyo husemwa kuwa ya futi 65. Je, yapo mashaka?

Yapo, tena makubwa. Namba ya kwenye karatasi mara nyingi ni ya kiwandani, nayo huishia pale mlingoti wenyewe unapoishia. Juu yake kuna taa ya nanga, kipima upepo, na antena ya redio ya VHF ambayo peke yake hufika futi 3. Sitini na tatu na tatu ni 66. Chombo kinachoonekana kina nafasi ya futi 2 kumbe kimezidi kwa futi nzima.

Kwa hiyo pima mwenyewe, chombo kikiwa kimefungwa gatini na maji yametulia. Chukua tepu ya mita 30 isiyo ya chuma, ifunge kwenye henza (kamba ya kupandishia tanga) ya tanga kubwa, na papo hapo funga kamba nyembamba ya pili ya kushushia, maana tepu ikikatika henza itabaki juu na itabidi mtu apande kuifuata. Vuta mpaka fundo liguse roda, kapi iliyo kileleni mwa mlingoti. Sasa shusha tepu ubavuni hadi igusane na maji, ikaze, usome. Kwa kuwa imelala kidogo itakuzidishia sentimita chache, na kosa la upande huo halidhuru. Kisha mtu apande na rula apime kutoka kwenye fundo hadi ncha ya kitu kirefu kuliko vyote. Jumlisha. Fanya hivyo matangi yakiwa karibu matupu, kwani ndipo chombo hukaa juu zaidi. Ila usitegemee matangi kukuokoa: kwenye yoti ya mita 12, kilo 600 za maji na dizeli hukizamisha kama sentimita 2 na nusu tu.

Sasa daraja. Kimo kinachochapwa kwenye ramani za bahari za Marekani huhesabiwa kutoka wastani wa maji kujaa. Wastani maana yake ni kwamba siku nyingi maji hupita hapo, na wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hupita sana. Aliyezoea bamvua za Mombasa au Tanga hahitaji kuambiwa hili mara mbili. Si kila daraja lina hizo futi 65 pia. Wilkerson, huko North Carolina, lina 64, na maji ya sehemu hiyo hayafuati mwezi, hufuata upepo: ukivuma siku mbili kuelekea upande wako, kina hupanda bila jedwali lolote kukuonya.

Pale Georgia maji hukusaidia, kwa sababu hupanda na kushuka zaidi ya mita 2. Siku yanaposhuka mita 2.4, saa ya kwanza baada ya kujaa hutoka karibu sentimita 20, ya pili 40, ya tatu 60. Mlingoti wa futi 66 chini ya daraja la 65 unataka maji yashuke futi 1, na nusu mita nyingine ya usalama, kwa sababu wimbi la boti ya kasi huinua chombo kiasi hicho. Jumla ni kama sentimita 80. Basi subiri hadi saa ya tatu. Kama siku hiyo kujaa kumepita wastani, subiri zaidi.

Kwa Wilkerson hakuna saa ya kusubiri. Ng'oa antena na kila kilicho juu, urudi kwenye 63, beba redio ya mkononi, na uvuke siku isiyo na upepo.

Ukikaribia, soma kwa darubini ubao wa namba kwenye nguzo. Pale maji yanapougusa ndipo panapokuonyesha nafasi iliyopo wakati huo. Kombe na mwani zikiuficha, rudi kwenye hesabu zako. Macho usiyaamini: ukiwa sitahani ukitazama juu, mlingoti huonekana utagonga hata ukiwa na mita 3. Ingia katikati ya mkondo wa kupitia, polepole, maji yakiwa yanapwa. Yakipwa, mlingoti ulionasa huachiliwa. Yakijaa, huzidi kubanwa kwenye boriti. Na mkondo ukutazame usoni, ili injini iweze kukusimamisha. Ukikusukuma kutoka tezi, yaani nyuma, huna breki.

Mwisho wa safari lipo daraja la Julia Tuttle, Miami, futi 56. Hilo usilifanyie hesabu yoyote. Toka uende bahari kuu kupitia bandari ya Port Everglades, uingie tena Miami kupitia mlango wa Government Cut.