Maelewano ya Nyumbani na Presha ya Mume Wangu

SWALI: Mume wangu ana miaka 52 na amegundulika kuwa na shinikizo la damu. Muuguzi wa kliniki alimwambia kwamba, pamoja na dawa na kupunguza chumvi, anahitaji utulivu nyumbani. Mashemeji wameyageuza maneno hayo kuwa hukumu juu yangu, kwa sababu ni kweli kwamba tunagombana mara kwa mara kuhusu fedha. Je, maelewano ya mke na mume yanaweza kweli kugusa afya ya mwili, au ni maneno ya kumliwaza mgonjwa tu? – Mama wa watoto watatu, Morogoro.

JIBU: Yanaweza, mama, ingawa si kwa namna wanayoidhani mashemeji zako. Mtu anapokasirika au kuogopa, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, ambazo huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Hali hiyo ikipita upesi haina neno, lakini ikijirudia kwa miezi na miaka huichosha mishipa, huvuruga usingizi na kudhoofisha kinga ya mwili.

Mwaka 2005, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha utafiti ambamo mke na mume wa jozi 42 za wanandoa walitiwa vidonda vidogo mkononi, kisha wakatakiwa kuzungumzia jambo wasiloelewana. Vidonda vya wanandoa waliozoea kusemeshana kwa uhasama vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya ile ya wenzao. Nakuomba ulitazame jambo hili vizuri, kwa kuwa wote walikuwa na la kubishania, na kilichowatenganisha ni ukali wa mazungumzo yenyewe.

Kwa hiyo sikushauri uyafunike mambo ya fedha ili presha ishuke, kwani kinyongo nacho hakimpi mtu usingizi. Tengeni siku ya kuyazungumza, isiwe usiku mkielekea kulala wala mbele ya watoto, na yeyote atakayeanza kupandisha sauti akubali mazungumzo yaahirishwe. Hilo linamhusu mume kama linavyokuhusu wewe, naye ndiye anayepaswa kuwaeleza ndugu zake hivyo. (Iwapo ugomvi wenu hufikia kupigana, hapo suala si presha tena, tafuteni msaada mapema.)

Dawa asiziache hata siku mtakapoelewana kabisa, maana shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mapenzi yana kazi ya wazi hapa: kumkumbusha vidonge, kufuatana naye kliniki, na kupunguza chumvi katika chungu cha familia nzima badala ya kumpikia peke yake kama mtu aliyetengwa.

SWALI: Mimi ni mgane wa miaka 63 na sina nia ya kuoa tena. Je, nimekwisha kukosa faida hizi za maelewano ya ndoa kwa afya? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: La, mzee wangu. Mwaka 1997 mtafiti Sheldon Cohen na wenzake waliwatia virusi vya mafua puani watu 276 waliojitolea, wakaona kwamba wenye mahusiano ya aina nyingi zaidi, yakiwamo ya ndugu, marafiki, majirani na waumini wenzao, waliugua kwa uchache kuliko wenye mahusiano machache. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliojumlisha tafiti 148, zenye watu zaidi ya 300,000, nao ulionyesha kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuendelea kuishi katika kipindi walichofuatiliwa. Ndoa ni mlango mmojawapo tu. Baraza la jioni na wajukuu wanaokuja kukusabahi wana nafasi yao, mradi usijifungie ndani. Lakini huzuni ya msiba ikikunyima usingizi na hamu ya chakula kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, muone daktari, kwa maana huenda ni sonona, nayo hutibika.