Maswali ya wasomaji: Hivi kelele za wananchi zinaweza kusimamisha vita?

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi na mwenzangu kazini tumebishana mpaka tumekubali tukuletee wewe uamue. Yeye anasema watu wakiandamana wengi vya kutosha serikali yoyote itaacha vita, mimi nasema hizo ni kelele za mlango tu, mwenye nyumba analala zake. Mfano wangu ni Iraq mwaka 2003, dunia nzima iliandamana na bado wakaenda wakapiga. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mfano wako ni mzito na siwezi kuukwepa. Tarehe 15 Februari 2003 mamilioni ya watu waliingia barabarani siku moja kwenye mamia ya miji, Roma, London, Madrid, kote huko, na Machi 20 vita ikaanza kama vile hakuna aliyesema kitu. Uingereza Robin Cook, ambae aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alijiuzulu uwaziri, halafu wabunge 139 wa chama cha waziri mkuu Tony Blair mwenyewe wakapiga kura kumpinga, na Blair akapita tu kwa sababu Conservative, yaani wapinzani wake, walikuwa upande wake kwenye hilo. Sasa hapo mwananchi aliyechukia vita angempigia nani kura ya kumwadhibu Blair? Vyama vyote viwili vikubwa vilikuwa safari moja. Watu wengi wanaoizungumzia ile siku wanakisahau hicho kitu.

Lakini angalia Uturuki, mwaka huohuo, vita hiyohiyo. Marekani ilitaka kupitisha makumi ya maelfu ya askari kwenye ardhi ya Uturuki waingie Iraq kutokea kaskazini, na mezani kulikuwa na ahadi ya mabilioni ya dola. Wananchi walikuwa hawataki kabisa, wameandamana Ankara, na bunge likapiga kura Machi 1. Waliosema ndiyo 264, hapana 250, na 19 hawakuwa upande wowote. Ukiangalia haraka utasema si ndiyo zimeshinda, hapana, utaratibu wao ulitaka zaidi ya nusu ya wabunge waliokuwepo, kwa hiyo zilipungua kura 3. Kura 3 tu! Wabunge wa chama tawala wenyewe ndo waliochomoa. Meli zilizobeba vifaa vya divisheni ya 4 ya jeshi la Marekani zilikuwa zinasubiri baharini, zikabidi zizunguke mpaka Kuwait. Vita haikuzuiwa, lakini ile njia ya kupitia Uturuki iliondoka kwenye mpango.

Hispania nayo, wananchi karibu wote walipinga vita na serikali ya waziri mkuu Aznar ikapeleka askari hivyohivyo. Machi 2004 mabomu yakalipuka kwenye treni za Madrid, siku tatu baadae ukawa uchaguzi, chama cha Aznar kikaanguka na Zapatero, mpinzani aliyeshinda, akawarudisha askari nyumbani ndani ya wiki chache. Wapo wanaosema ni mabomu, wapo wanaosema ni hasira ya serikali kukimbilia kuwatupia lawama ETA, kundi la Wabasque lenye silaha lililotaka kujitenga na Hispania, kumbe si wao, mimi naona vyote viwili, ila Zapatero ile ahadi ya kuwatoa askari alikuwa nayo kabla ya mabomu na aliitoa kwa sababu alijua watu wanaitaka.

Kwa hiyo mabishano yenu nayaamua hivi: wingi wa watu barabarani peke yake hauamui. Maoni yanauma pale yanapogusa kitu ambacho mtawala anakihitaji kutoka kwenu na hawezi kukipata kwingine, iwe kura, iwe askari, iwe pesa ya bajeti. Mwenzako hajakosea sana, ila amehesabu vichwa tu, hakuuliza hao watu wameshika nini mkononi.

SWALI: Mie nilifundishwa kwamba waandamanaji ndo waliomaliza vita ya Vietnam. Ni kweli au ni hadithi za wazungu kujisifia?

JIBU: Nusu kweli. Waandamanaji wenyewe hawakupendwa hata kidogo, watu wanasahau hilo. Mei 1970 askari walipowaua wanafunzi 4 pale chuo kikuu cha Kent State, Wamarekani wengi walioulizwa waliwalaumu wanafunzi, siyo waliofyatua risasi. Na rais Nixon, aliyeendeleza vita, mwaka 1972 akashinda uchaguzi kwa kishindo kikubwa sana.

Kilichowabana watawala kilikuwa ni vijana kulazimishwa jeshi. Vita ikiwa inamchukua mtoto wa jirani, na mwakani ni zamu ya wako, hata mzazi asiyependa maandamano anaanza kuuliza maswali. Johnson, rais aliyemtangulia Nixon, alikuwa ameshaisoma hali, Machi 1968 akatangaza hagombei tena. Nixon akaja na ujanja, na nasema ujanja kwa sababu ulifanya kazi: akaanza kuwapunguza askari, kutoka zaidi ya laki 5 mwaka 1969 mpaka chini ya 30,000 mwisho wa 1972, na 1973 kulazimisha watu jeshi kukaisha. Lakini mabomu hayakupungua kwa kasi hiyo, Desemba 1972 bado ndege zilikuwa zinaipiga Hanoi, mji mkuu wa Vietnam Kaskazini. Yaani alielewa kwamba wananchi wanahesabu majeneza yanayorudi kwao, hawahesabu ya wale wanaopigwa. Inauma kusema ila ndo ilivyokuwa.

Aliyefunga bomba mwishowe ni bunge la Congress, lilikata pesa na kuweka mwisho wa mabomu tarehe 15 Agosti 1973, na Novemba likapitisha sheria ya kumbana rais asiingize jeshi vitani kienyeji, Nixon akaweka veto, yaani akaikataa, wakaipindua. Wabunge wale hawakupata ujasiri huo usingizini, walijua majimboni mwao watu wamechoka.

SWALI: Na kwenye nchi ambazo kuandamana ni kwenda jela je?

JIBU: Swali fupi ila zuri kuliko yote. Chukua Urusi na Chechnya, jimbo lake la kusini lililotaka kujitenga. Vita ya kwanza, 1994 mpaka 1996, televisheni binafsi zilionyesha maiti wazi, akina mama wa askari wakasafiri mpaka vitani kutafuta watoto wao, na rais Yeltsin alikuwa na uchaguzi 1996, ikabidi azungumze na adui. Vita ya pili ilianza 1999, baada ya mabomu kuangusha majengo ya watu, wananchi wengi waliitaka hiyo vita, tena ndo iliyompandisha Putin, na miaka michache mbele televisheni kubwa zote zikawa mkononi mwa serikali. Kwa hiyo msidhani maoni ya wananchi siku zote yanavuta kwenye amani, mara nyingi wiki za mwanzo za vita watu wanamkumbatia kiongozi, muulize Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, na vita yake ya visiwa vya Falklands 1982.

Ureno ni kisa kingine. Udikteta, hakuna uchaguzi wa maana, magazeti yanachujwa, na vita tatu kwa mpigo Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Vijana wakawa wanakimbilia Ufaransa kukwepa jeshi, mwishowe uchovu ukaingia kwa maofisa wenyewe na wakaipindua serikali tarehe 25 Aprili 1974. Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975.

SWALI: Siku hizi vita ni droni na mtu kuuziwa silaha, hakuna jeneza linalorudi. Maoni bado yana kazi?

JIBU: Kazi imekuwa ngumu, nakubali, ndo maana kila serikali inaipenda vita ya namna hiyo. Ila tazama Yemen. Marekani ilikuwa inaisaidia Saudi Arabia kwenye vita yake huko miaka kadhaa na wengi hata hawakujua. Njaa ya Yemen ikaanza kuonekana kwenye habari, halafu Oktoba 2018 akauawa mwandishi Jamal Khashoggi, Msaudia aliyeikosoa serikali yake, ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia Istanbul, hasira ikapanda, na Novemba Marekani ikaacha kuzijazia mafuta hewani ndege za Saudia. Machi 2019 Seneti ikapiga kura 54 kwa 46 kumaliza msaada huo wa vita, Aprili Baraza la Wawakilishi 247 kwa 175, Trump akaweka veto na safari hii wakashindwa kuipindua. Februari 2021 Biden akatangaza kuacha kusaidia mashambulizi. Miaka sita tangu vita ianze, na silaha nyingine ziliendelea kuuzwa.