Kula na Kuzurura Mji Mdogo wa Japani: Kwa Ninyi Mnaokuja Kusoma Niigata

Kila mwaka kabla ya muhula mpya napata maswali yaleyale kutoka kwa vijana wa nyumbani. Wamepata nafasi ya kusoma Japani, wameshapiga picha na barua ya udhamini, halafu wakagundua chuo chenyewe hakiko Tokyo. Wengine wanaangukia Minamiuonuma, mkoa wa Niigata, ambako Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Japani kipo tangu 1982 na Waafrika si wachache waliopita pale, wakiwemo wa mpango wa ABE, ule wa Japani wa kusomesha vijana wa Afrika. Kijana anafungua ramani kwenye simu: mashamba ya mpunga, milima, kituo cha treni cha Urasa, vijiduka viwili vitatu. Swali linakuja moja kwa moja: "Kaka, huko mtu anakula nini? Na Jumamosi anakwenda wapi?"

Vya kula na vya kuona vipo tele, ila kila kimoja kina saa yake, siku yake na msimu wake. Ukizishika hizo tatu utakula vizuri kuliko mwenzako aliyepangiwa Shinjuku, katikati ya Tokyo, na kwa hela kidogo zaidi. Usipozishika utashindia tambi za kikombe na kulalamika kwamba mji umekufa.

Nianze na saa, maana ndiyo inayowaumiza wageni. Migahawa ya huku ni ya familia: baba yuko jikoni, mama anahudumia, na mara nyingi wote wawili wameshavuka miaka sitini. Chakula cha mchana ni kuanzia saa 5:30 asubuhi hadi saa 8 mchana, na oda ya mwisho hupokelewa nusu saa kabla ya kufunga. Baada ya hapo mlango unafungwa hadi saa 11 au 11:30 jioni, na ikifika saa 2 usiku wanafuta meza. Wewe uliyezoea chipsi za saa 5 usiku utajifunza upya. Halafu kila mgahawa una siku yake ya mapumziko katikati ya wiki, tena huyu Jumatatu, yule Jumatano. Usiamini simu inapokuambia pako wazi. Tazama mlangoni: kitambaa cha noren kikining'inia nje, wako kazini, kikiwa kimeingizwa ndani, hata kama unaona taa na kusikia sufuria, rudi siku nyingine. Msimu wa kuvuna mpunga wengine hufunga tu bila tangazo, maana mpishi naye ana shamba.

Ukiingia utaulizwa mko wangapi. Onyesha vidole, inatosha. Maji au chai ya kwanza ni bure. Menyu mara nyingi imeandikwa kwa mkono ukutani, na programu ya kutafsiri kwa kamera ikikutana na mwandiko wa bibi inakupa vichekesho. Kwa hiyo shika neno moja, higawari, yaani chakula cha siku hiyo. Inakuja sinia yenye wali, supu ya miso, achari, kimboga kidogo cha pembeni na samaki au nyama, kwa kawaida kati ya yen 800 na 1,200. Ukiwa na njaa ya kikwetu sema omori, wakuongezee wali. Lipa kwa noti, usitegemee kadi, na usiache bakshishi. Watakukimbiza hadi barabarani kukurudishia. Jioni kwenye izakaya, yaani baa ya chakula, utaletewa kibakuli ambacho hukuagiza, na kitaonekana kwenye bili kwa yen 300 hadi 500. Hujaibiwa, hiyo ni ada ya kukaa.

Ushauri wangu mkubwa hapa ni uchague mgahawa mmoja karibu na unapoishi uwe mteja wake wa kudumu. Mara ya kwanza watakuogopa kidogo kwa sababu ya lugha. Ukirudi na kurudi, na kila ukitoka ukasema "gochisosama", asante kwa chakula, kuelekea jikoni, mambo yanabadilika: unaongezwa kipande, unafungiwa matango ya shambani, unaambiwa wiki ijayo tumefunga. Taarifa kama hizo huzipati mahali pengine popote.

Chakula cha eneo hili ambacho sitaki mtu aondoke bila kukionja ni hegi soba, asili yake ni upande wa Tokamachi na Ojiya. Ni tambi za unga wa buckwheat, mbegu zinazosagwa kama nafaka, lakini kinachoushikanisha unga ni mwani wa baharini unaoitwa funori. Mwani umefikaje milimani? Hii ilikuwa nchi ya wafumaji, na funori ndiyo ilikuwa gundi ya kukazia nyuzi. Ilikuwepo ndani ya nyumba, mtu akaitia kwenye unga, ikakubali. Zinaletwa baridi kwenye sinia la mbao, zimesokotwa vifundo vidogo, kila kifundo tonge moja. Rangi ina ukijani wa mbali na zikipita kooni zinateleza. Sinia moja huwa la watu wawili watatu au zaidi, kwa hiyo mkienda kwa kundi ndiyo raha yenyewe. Chovya nusu tu kwenye mchuzi, na uvute kwa sauti, hapo si utovu wa adabu. Sehemu nyingi pembeni wanaweka haradali badala ya wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, kwa kuwa wasabi haikuwa ikilimwa huku. Mwishoni utaletewa birika la maji yaliyochemshia tambi. Yamimine kwenye mchuzi uliobaki, unywe. Mwenye mzio wa buckwheat asiguse kabisa, mzio huo hauna mzaha.

Kwa Waislamu, semeni mapema: "Butaniku wa tabemasen", sili nguruwe. Ramen iogopeni, karibu zote zina mifupa au mafuta ya nguruwe, na kari za mgahawani zina mafuta hayohayo yamejificha. Mchuzi wa soba ni wa samaki, ila huwa na mirin, ambayo ina kilevi. Hapo kila mtu na fatwa yake. Ukiwa safarini na hujui ushike nini, onigiri, yaani tonge la wali, ya samoni au ya mwani kutoka dukani itakusogeza, japo hata hapo soma kibandiko. Kuku wa Brazil aliyegandishwa mwenye nembo ya halali hupatikana kwenye baadhi ya matawi ya supamaketi za Gyomu Super, na unga mweupe wa ugali huagizwa kwenye maduka ya mtandaoni ya vyakula vya halali. Beba kilo mbili tatu za kuanzia.

Mboga ndipo utakapojisikia nyumbani. Tafuta michi no eki, vituo vya kupumzikia kando ya barabara kuu, mpango ulioanza rasmi 1993 na sasa vipo zaidi ya 1,000 nchi nzima. Ndani kuna soko la wakulima: kila mfuko una jina la aliyelima, wanaleta alfajiri kwa kirikuu zao nyeupe (ndiyo, kirikuu zilezile za Kariakoo, huku ndiko zilikotoka), na ikifika saa sita mchana vilivyo bora vimeshaondoka. Kiangazi ulizia moroheiya. Ni mlenda, mlenda kabisa, na Wajapani wanaupenda kwa huohuo utelezi wake. Bamia zipo. Magimbi yapo kuanzia vuli, madogomadogo, wanayaita satoimo. Komatsuna inakaa vizuri mahali pa sukuma wiki. Majira ya kuchipua yanakuja na mboga pori za milimani, chungu kidogo, na ukizila zimekaangwa tempura utaelewa kwa nini wazee wanazisubiri. Zinunue, usiende kuchuma mwenyewe: kuna zenye sumu zinazofanana nazo, msitu una mwenyewe, na dubu wapo.

Kuhusu wali, umefika kwenye chimbuko la koshihikari, aina ya mchele, inayosifiwa kuliko zote Japani. Mchele mpya unatoka kati ya Septemba na Oktoba. Usiupikie pilau, unanata na utaishia kugombana na sufuria. Ule mtupu, na chumvi na kipande cha samaki. Kwenye kituo cha Echigo-Yuzawa wanauza onigiri ya ukubwa wa ngumi mbili, gramu 150 za mchele mbichi ndani ya tonge moja. Hiyo ni mlo kamili. Na jioni za kawaida, pita supamaketi kuanzia saa 1 usiku, utawakuta wafanyakazi wakibandika vibandiko vya nusu bei kwenye vyakula vilivyopikwa. Usimfuate mfanyakazi nyuma nyuma. Zunguka, rudi.

Sasa matembezi. Onsen, bafu za maji moto ya ardhini, ndilo jambo la kufanya kila wiki, hasa baridi ikianza, na bafu za mji huwa za mamia machache tu ya yen. Najua tatizo: ni uchi, mbele za watu, bila nguo ya kuogelea. Wanaume upande wa 男, wanawake upande wa 女, hakuna kuchanganyika kwenye bafu za kawaida. Kaa kwenye kigoda, jisugue na sabuni, jisuuze mpaka povu liishe kabisa, ndipo uingie majini. Kitaulo kidogo hakigusi maji. Wenyeji wanakikunja wanakiweka kichwani. Dakika tano za kwanza utahisi mji mzima unakutazama, halafu mzee mmoja atakuuliza umetoka nchi gani na mazungumzo yataanza. Wenye tatuu waulize mlangoni kwanza. Na asiyeweza kuvua mbele za watu kwa sababu ya dini au haya, asijilazimishe: sehemu nyingi zina bafu la miguu, na baadhi ya hoteli hukodisha bafu la faragha kwa saa.

Kuanzia Mei hadi Novemba nenda Ojiya au Yamakoshi siku ya mapigano ya madume ya ng'ombe. Wakenya wa Kakamega watajiona nyumbani, kwa kuwa ni dume kwa dume, si kama mchezo wa ng'ombe wa Pemba ambako mtu ndiye anayelikabili dume. Tofauti ni kwamba hapa, kabla mmoja hajashindwa, wanaume wanaingia uwanjani, wanamtia kamba mguu wa nyuma, wanawaachanisha, na inahesabiwa sare. Sehemu ya kuwaachanisha ndiyo inayotisha, na ndiyo inayopigiwa makofi. Tarehe 2 na 3 Agosti ni fataki za Nagaoka: watu ni wengi kupita kiasi na vyumba vinaisha miezi kabla, kwa hiyo panga na mwenyeji mapema au rudi kwa treni ukiwa umejiandaa kusukumana. Upande wa Tokamachi na Tsunan kuna sanaa zilizowekwa mashambani na kwenye shule zilizofungwa, kazi iliyoanza na tamasha la 2000. Handaki la Kiyotsu, mita 750 ndani ya mwamba, lina dimbwi mwishoni linaloakisi bonde lote. Februari ni tamasha la theluji Tokamachi.

Theluji yenyewe hupita kimo cha mtu. Barabara zina mabomba yanayorusha maji ya ardhini kuiyeyusha, kwa hiyo utatembea kwenye madimbwi, na raba zako za Dar zitakufa wiki ya kwanza. Nunua mabuti marefu ya mpira kwenye duka la vifaa vya kilimo, hakuna atakayekucheka, hata mwenye benki anayavaa.

Mabasi ni machache na la mwisho huondoka mapema, kwa hiyo piga picha ya ratiba ya kurudi kabla hujaondoka kituoni. Matamasha madogo ya vijiji, yale mazuri zaidi, hayapo kwenye mitandao. Yamo kwenye jarida la kila mwezi la halmashauri, na ukipanga nyumba mtaani, kwenye jalada linalopitishwa mlango kwa mlango. Lisome kwa kamera ya simu, halafu lipeleke kwa jirani siku hiyohiyo. Na weka akiba ya chakula ndani kabla ya Obon, siku za kuwakumbuka wahenga katikati ya Agosti, na kabla ya mwaka mpya, kuanzia tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari, kwa maana siku hizo hata yule mama wa mgahawa wako atakuwa amefunga, wanawe wamerudi kutoka Tokyo.