Bob hana hatia, tazameni stakabadhi zenu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Hapa Nakuru shilingi tunaiita bob: tunasema "hamsini bob", "mia bob". Mzee mmoja ameniapia kwamba Bob alikuwa waziri mkuu wa Uingereza. Ni kweli? Na je, naweza kuliandika neno hili katika insha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee wako anamkusudia Robert Walpole, aliyeongoza serikali ya Uingereza tangu 1721 hadi 1742. Na kweli, kila Robert kwao huitwa Bob. Hadithi tamu, ila tarehe zinaikataa. Walpole alifariki 1745, na bob kwa maana ya shilingi haonekani katika maandishi ya Kiingereza mpaka mwishoni mwa karne ya 18. Wapo wanaomhusisha na bawbee, sarafu ndogo ya Uskoti. Nao hawana ushahidi. Ni neno la mitaani tu, na huku kwetu shilingi yenyewe ilianza kutumika 1921. Waingereza waliiaga yao tarehe 15 Februari 1971. Bob wao amebaki hana sarafu. Wetu bado anapanda matatu.

Katika insha, usimwandike. Kosa lake mdomoni ni moja: hutanguliza idadi, "mia bob", kama Mwingereza, ilhali sisi twasema shilingi mia. Basi. Makanga akinidai "hamsini bob, mzee", natoa noti na moyo wangu mweupe.

Wanaonichoma ni wavaa tai. Mwezi uliopita nilichangia harusi ya jirani, nikapewa stakabadhi yenye mhuri: "Tumepokea Shilingi Kshs. 1,000/= tu." Hebu tuhesabu pamoja. Shilingi ya kwanza imeandikwa kwa herufi zote, haina shida. Ya pili imo ndani ya "Kshs." Ya tatu ni ule mkwaju (/) baada ya tarakimu, kwa maana katika hesabu za kale za Kiingereza mkwaju ndio uliokuwa alama ya shilingi: 5/6 ilisomwa shilingi tano na peni sita, na 5/- ni shilingi tano bila peni. Sisi shilingi yetu ina senti, si peni, tukaweka vistari viwili kuonyesha kwamba senti hakuna. Kwa hiyo stakabadhi yangu inasema: shilingi shilingi elfu moja shilingi, senti hakuna, tu. Kama kila shilingi iliyotajwa ingekuwa imelipwa, bwana harusi angekuwa na elfu tatu zangu.

Na hiyo "s" ya mwisho katika "Kshs."! K ni Kenya, sh ni shilingi, s ni nani? Ni wingi wa Kiingereza uliojibanza mkiani mwa neno la Kiswahili. Shilingi ni ya ngeli ya I-ZI: shilingi hii, shilingi hizi, umbo ni lile lile. La kuchekesha ni kwamba bob naye, huko huko kwao, hata wakiwa kumi havai hiyo "s". Neno la mtaani limeshika adabu, ofisi imeshindwa.

Najua wahasibu watanijibu: vistari vile hufunga tarakimu, asije mjanja akaongeza sifuri. Haya, nakubali, wezi wapo. Basi andikeni 1,000/= na mwache hapo, maana shilingi imo tayari. Au andikeni Sh 1,000. Lakini kubandika zote mbili, kisha "shilingi" mbele na "tu" nyuma, ni kama kuvaa kanzu juu ya kanzu na kulalamika joto.

Tena hawa ndio wanaosahihisha vijana wakisema soo (mia) na ngiri (elfu). Thumni letu lilikuwa neno la Kiarabu, maana yake sehemu ya nane. Leo ni senti hamsini, na hakuna anayelitilia shaka. Bob naye mpeni muda.

Ile stakabadhi nilimrudishia mhazini wa kamati, nikamweleza haya yote taratibu. Alisikiliza kwa heshima, akaomba radhi, akachana, akaniandikia nyingine kwa mwandiko mzuri ajabu: "Kshs. 1,000/= za Kenya."