Kazi ya kwanza ya ufundi bomba

Mdogo wangu, umeeleza kwamba umemaliza mafunzo ya bomba katika chuo cha ufundi stadi cha VETA, umehamia Dar es Salaam, na kila kampuni unayoiendea inadai uzoefu ambao huna. Kwa maoni yangu, acha kwanza kusambaza barua na uende asubuhi na mapema kwenye nyumba zinazojengwa, hasa zile ambazo kuta zimesimama lakini plasta haijapigwa, kwa sababu hapo ndipo fundi bomba anapochimba kuta ili apitishe mabomba na ndipo anapohitaji msaidizi. Muulize fundi mwenyewe, si msimamizi, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayechagua na kumlipa msaidizi wake.

Wauzaji wa vifaa vya bomba nao wazoee, maana wateja huwauliza fundi kila siku.

Fundi atakupima kwa mikono yako. Akikupa bomba la PPR, yaani la plastiki linalounganishwa kwa joto, la milimita 20, likate mkato ulionyooka usio wa mshazari, subiri mashine ya kupashia ifike nyuzijoto 260, pasha bomba na kiungo kwa takribani sekunde tano, kisha viunganishe moja kwa moja bila kuvizungusha. Kiungo kilichozungushwa kinaweza kuvuja baada ya vigae kubandikwa, na hasara hiyo humwangukia fundi.

Malipo ya siku yaafikieni kabla hujashika nyundo. Nakuomba sana usilipuuze hilo. Piga pia picha za kazi yako kabla ukuta haujazibwa, uzioneshe unakoomba tena.