Uso mweusi hauhitaji penseli nyeusi zaidi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nachora sura za watu kwa penseli, kazi za oda, kutoka kwenye picha ambazo wateja hunitumia kwa simu. Wateja weupe wanatoka vizuri. Nikichora mtu mweusi, uso wote unakuwa rangi moja chafu, pua na mdomo havionekani. Natumia HB na 2B, nalainisha kwa tishu. Mwenzangu ananishauri ninunue 8B, penseli laini na nyeusi zaidi ya hizo, na unga wa mkaa. Mwingine anasema nimng'arishe mteja kidogo ili sura ionekane. Nifuate lipi? (Mchoraji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Usifuate hata moja, na hilo la pili naomba ulisahau kabisa; nitalirudia. Swali hili naletewa kila mara, na karibu kila anayeuliza anataka kujua anunue penseli gani. Penseli haina kosa. Hizo ulizonazo, ukiongeza 4B moja, zinatosha kuchora uso wa mtu yeyote.

Unachanganya weusi wa ngozi na giza la kivuli. Weusi wa ngozi ni rangi ya mtu, anatembea nayo. Kivuli ni pale mwanga usipofika, na huhama kila anapogeuza shingo. Wewe ukimwona mteja mweusi, mkono unakimbilia kuujaza uso mzima giza, kisha ndipo unatafuta pa kuweka kivuli. Nafasi imeshakwisha. Karatasi ina mipaka miwili: weupe wake yenyewe, na giza la mwisho ambalo penseli yako inaweza kulitoa. Kila kitu usoni lazima kipate ngazi yake kati ya hapo.

Chora visanduku tisa pembeni ya karatasi, cha kwanza kitupu, cha tisa giza lako la mwisho. Uso wa mtu mweusi aliyekaa karibu na dirisha, kwa sehemu kubwa, utakaa ngazi ya nne hadi ya sita. Upande wa kivulini mpe saba. Nane na tisa zitunze kwa matundu ya pua, mstari kati ya midomo, mboni, kope na nywele. Ukizimalizia shavuni, pua itaonekanaje?

Halafu kuna mng'ao. Kwenye ngozi nyeusi, mwanga unaorudi kutoka paji la uso, mfupa wa shavu na mgongo wa pua huonekana wazi kuliko kwenye ngozi nyeupe, kwa kuwa unazungukwa na giza. Sura ya mtu mweusi husomeka kwa mng'ao zaidi kuliko kwa vivuli. Waliojifunza kwa kunakili nyuso za Wazungu kutoka mitandaoni wanawinda vivuli tu, mng'ao wanaufuta kwa tishu wakidhani ni doa. Tafuta picha ya Juan de Pareja aliyoichora Velázquez, mchoraji wa Hispania, mwaka 1650, ipo kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Pareja alikuwa mtu mwenye asili ya Afrika, mtumwa katika karakana ya mchoraji huyo. Angalia paji lake linavyong'aa, angalia kola nyeupe chini ya kidevu, kisha angalia lile giza zito lilivyotunzwa kwa nywele na ndevu. Ngozi yenyewe ni kahawia iliyojaa mwanga.

Usiliamini jicho lako peke yake. Mwaka 1995 Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza picha ya ubao kama wa drafti, juu yake nguzo inayotupa kivuli. Kisanduku cheupe kilicho ndani ya kivuli na kisanduku cheusi kilicho nje yake vina kijivu kilekile kabisa, na hata ukiambiwa bado utakataa. Ubongo unajua hiki ni cheupe na kile ni cheusi, basi unakuonyesha unachokijua. Ndivyo unavyodanganywa na ngozi ya mteja. Dawa yake ni rahisi: toboa matundu mawili madogo kwenye kipande cha manila, pitisha moja juu ya paji la uso pichani, jingine juu ya shati au ukuta, ulinganishe. Kisha finya macho mpaka vitu vidogovidogo vipotee, uone ni maeneo gani makubwa yamebaki. Hayo ndiyo unayoanza nayo.

Sasa tishu. Karatasi ina vinyweleo vinavyoshika penseli. Ukisugua, unavijaza vyote unga wa kijivu: penye mwanga panafifia, na penye giza hapapokei tena penseli. Umepoteza ncha zote mbili za ngazi yako, umebaki na katikati, na hiyo ndiyo rangi chafu unayoilalamikia. Kidole ni kibaya zaidi, kwa sababu mafuta yake huacha madoa ambayo raba haiyatoi. 8B haitakuokoa, ukiirundika inametameta, na ukiinamisha karatasi giza lako linageuka kijivu. Na mkaa haushiki vizuri juu ya penseli iliyokwisha kusuguliwa. Weka mistari yako tabaka juu ya tabaka, polepole, na pa mng'ao uache karatasi ipumue tangu mwanzo.

Kuhusu kumng'arisha mteja: huo ni mkorogo wa kwenye karatasi. Mama amekulipa umchore yeye, unamrudishia mtu mwingine, kwa sababu tu fundi hajajifunza kupanga ngazi zake. Linaniudhi kuliko yote, maana limeshakuwa desturi, na wapo wanaoliuza kwa jina la kupendezesha.

Picha nazo zimechangia. Flashi hupiga uso kutoka mbele ikafuta umbo lote, na simu nyingi siku hizi zinapandisha vivuli na kulainisha ngozi bila kuombwa. Hakuna penseli itakayotoa kwenye picha kitu ambacho hakimo. Mwombe mteja akae mlangoni mchana, mwanga umpige ubavuni, apige upya bila flashi na bila kupendezesha. Akikataa, mweleze mapema matokeo yatakuwaje.

Sisemi kila mchoro lazima uwe na mwanga na kivuli. Michoro ya Tingatinga imesimama tangu miaka ya 1960 kwa rangi zake kali na mistari yake, haihitaji taa ya upande mmoja. Lakini anayeuza sura ya mtu ameahidi umbo, na umbo linatoka hapa.

Kwa hiyo jihadhari, wewe na wenzako wote, na wale wanaofundisha kuchora sura kwa dakika tano. Wengine wanaprinti picha kwa wino hafifu, wanapitisha unga wa mkaa juu, wanaita mchoro. Wengine wanatumia programu ya simu inayogeuza picha kuwa ya penseli, kisha wanainakili mstari kwa mstari. Programu haijui taa ilikuwa wapi, nao hawajui. Wanaopaka rangi wana maradhi hayohayo: kivuli kwao ni kuongeza nyeusi, mwanga ni kuongeza nyeupe, na ngozi inatoka na kijivu cha majivu. Kabla hujamlipa mtu ada ya mafunzo, mwekee kikombe cheupe na chungu cheusi dirishani, umwombe avichore pamoja kwa HB tupu, bila tishu. Chungu kikitoka giza tupu lisilo na mgongo wala tumbo, tafuta mwalimu mwingine.